Mtazamo wa mchezaji: unajengekaje, na unabadilishwaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa makocha, walimu wa michezo, wazazi na wachezaji wenyewe. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mtazamo hubadilika zaidi kwa kile ambacho mchezaji amekifanya kikamwendea vizuri kuliko kwa kile alichohubiriwa. Hotuba ya chumba cha kubadilishia nguo ina kazi yake, lakini ni ndogo kuliko tunavyopenda kuamini.

Mtazamo ni nini hasa?

Ni mwelekeo wa kukipenda au kutokipenda kitu fulani, ambao mtu ameupata kwa kujifunza na kwa yaliyomkuta, na unaoathiri namna anavyokichukulia kitu hicho kila anapokutana nacho. Gordon Allport, mwanasaikolojia wa Marekani, alikwisha kuuweka katikati ya saikolojia ya jamii mwaka 1935.

Kinachosahaulika uwanjani ni kwamba mtazamo una mlengwa. Kocha anasema "yule kijana ana mtazamo mbaya", wote wanaitikia kwa kichwa, kikao kinaisha. Mbaya kuhusu nini? Mazoezi ya alfajiri? Kukaa benchi? Kocha msaidizi? Kukimbia bila mpira? Mchezaji anaweza kuupenda mchezo kupita kiasi na kumheshimu kocha, huku hataki hata kuona mlango wa chumba cha mazoezi ya vyuma. Ukisema tu "ana mtazamo mbaya" umeshamhukumu. Ukitaja mlengwa, angalau umepata pa kuanzia.

Nimesikia kwamba mtazamo una sehemu tatu. Zinanisaidia nini?

Sehemu hizo ni anachoamini, anachohisi na anachoelekea kutenda. Mgawanyo huu umezoeleka tangu miaka ya 1960, na faida yake ni kukuonyesha pa kushika.

Chukua mkimbiaji wa masafa marefu asiyetaka mazoezi ya nguvu. Pengine anaamini kwamba vyuma vitamwongezea uzito na kumpunguzia kasi. Huyo ana upungufu wa taarifa, mweleze. Pengine anajua faida zote, tena anaweza kukufundisha wewe, lakini aliwahi kuchekwa mbele ya wenzake aliposhindwa kunyanyua. Huyo hata umletee maelezo ya kitabu kizima hutamgusa, kwa sababu kinachomkwamisha ni aibu. Na pengine hana imani potofu wala hisia mbaya, ila hajawahi kuwa na nafasi ya kuanza. Kwa nje wote wanafanana: hawaji.

Mtazamo unatoka wapi?

Chanzo chenye nguvu kuliko vyote ni yaliyompata mtu mwenyewe. Mtoto aliyekunywa maji nusura azame siku ya kwanza ya kuogelea ana mtazamo kuhusu bwawa, na mtazamo wa aina hiyo hung'ang'ania kwa sababu hakuusikia kwa mtu.

Kisha kuna kuunganisha mambo mawili. Hapa makocha wengi hujiharibia kazi kwa mikono yao. Mchezaji amechelewa: "Zunguka uwanja mara kumi." Timu imefungwa: kesho ni kukimbia tu, hakuna mpira. Baada ya msimu mmoja wa namna hiyo, mwili wa mchezaji umejifunza kwamba kukimbia ni adhabu, halafu kocha huyohuyo analalamika kwamba vijana hawapendi mazoezi ya stamina. Wangeyapendaje? Kama unataka kitu kipendwe, usikitumie kama fimbo.

Tatu ni kuiga. Albert Bandura na wenzake walionyesha mwaka 1961 kwamba watoto waliomtazama mtu mzima akilipiga na kulitukana sanamu la plastiki walirudia vitendo hivyohivyo walipoachwa nalo. Mtoto anayemwona nahodha akimzonga mwamuzi kila wiki hahitaji somo la kudharau waamuzi, ameshalipata.

Nyumbani ndiko mengi huanzia. Sikiliza swali la kwanza mzazi analomuuliza mtoto baada ya mechi. "Mmeshinda?" "Umefunga?" "Kocha kakutoa kwa nini?" Mzazi hana nia mbaya, ila kila swali linamwambia mtoto kipi kinahesabiwa. Mtoto anayeulizwa mara kwa mara "Leo umejaribu kitu gani kipya?" anakua akiangalia kwingine kabisa.

Mwisho kuna kuzoea tu. Robert Zajonc alieleza mwaka 1968 kwamba watu huanza kukipenda kitu kwa kukiona mara nyingi, hata bila sababu nyingine. Ndiyo maana zoezi lililolalamikiwa wiki ya kwanza mara nyingi halina mlalamikaji wiki ya tano. Lakini hilo hutokea pale mguso wa kwanza ulipokuwa wa kawaida. Aliyeanza kwa kuchukia anaweza kuchukia zaidi kadiri anavyoletewa.

Samaki mkunje angali mbichi. Je, mtu mzima ndiyo basi tena?

La. Ni kweli kwamba mtazamo uliojengwa mapema, ukarudiwa na kushikamana na namna mtu anavyojiona, ni mgumu kuutikisa. Lakini mazingira yanapogeuka, wakubwa hubadilika sana: kuhamia timu mpya, kupona jeraha, kupata mtoto, kuanza kufundisha wengine. Kinachotakiwa ni kuyatumia madirisha hayo yanapofunguka.

Mbona mchezaji anasema anapenda mazoezi, lakini haonekani?

Swali hili limewahangaisha watafiti muda mrefu. Mwaka 1934 Richard LaPiere alichapisha habari ya safari zake nchini Marekani pamoja na mume na mke Wachina, wakati ambapo chuki dhidi ya Wachina ilikuwa kali. Walifika katika hoteli na migahawa 251 wakakataliwa mara moja tu. Baadaye aliwaandikia wenye maeneo hayo akiuliza kama wangempokea mteja Mchina. Zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Karatasini wanakataa, mlangoni wanakaribisha. Katika michezo mara nyingi ni kinyume chake: karatasini kila mtu anakaribisha mazoezi, asubuhi kitanda kinashinda.

Martin Fishbein na Icek Ajzen walisaidia kuelewa pengo hilo. Kwanza, swali liwe mahususi. "Unapenda mazoezi?" halitabiri chochote. "Unaonaje kuja hapa Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi kwa miezi miwili?" ndilo linalokaribia tendo lenyewe. Pili, kati ya mtazamo na tendo kuna nia, na nia inasukumwa pia na mambo mengine mawili: watu anaowajali wanatarajia nini kwake, na je, anaona jambo lenyewe liko ndani ya uwezo wake? Kijana anayependa riadha lakini marafiki wote wanaicheka, na kiwanja kiko mbali, ana mtazamo mzuri na sababu mbili za kubaki nyumbani.

Hata nia ikiwepo, haitoshi. Tunasema penye nia pana njia, lakini utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2002 unatufundisha kwamba njia nayo inabidi ichorwe. Wanafunzi wa chuo waligawanywa makundi. Kundi moja lilisoma maelezo ya kutia moyo kuhusu mazoezi na ugonjwa wa moyo. Jingine lilisoma hayohayo, kisha kila mmoja akaandika siku, saa na mahali atakapofanya mazoezi wiki inayofuata. Katika kundi la kwanza, asilimia 35 walisema walifanya mazoezi. Katika kundi lililoandika, asilimia 91. Wasiopewa chochote walikuwa asilimia 38, maana yake maelezo ya kutia moyo peke yake hayakuongeza kitu. Ni taarifa za wahusika wenyewe, sawa, lakini tofauti ni kubwa mno kuipuuza. Kabla hujaandaa hotuba nyingine, gawa kalamu.

Mtazamo unapimwaje?

Louis Thurstone alitoa hoja mwaka 1928 kwamba mtazamo unaweza kupimwa. Mwaka 1932 Rensis Likert akaleta kipimo kinachotumika zaidi hadi leo: unasomewa kauli, unachagua kuanzia "nakubali kabisa" hadi "nakataa kabisa". Upande wa michezo, Gerald Kenyon alitengeneza dodoso mwaka 1968 lililogawa mazoezi ya mwili katika maana sita: kukutana na watu, afya, msisimko wa hatari, uzuri wa miondoko, kutoa mfadhaiko, na kujinyima kwa ajili ya ushindani. Mgawanyo wa Kenyon bado unafaa, kwa kuwa unakumbusha kwamba watu wawili wanaweza kusimama mstari mmoja wa kuanzia mbio bila kufuata kitu kimoja.

Udhaifu wa madodoso unajulikana: mtu hujibu linalompendezesha, hasa kama anayekusanya karatasi ndiye anayepanga kikosi. Majibu yasiwe na majina. Na utazame pia matendo: nani anafika mapema, nani anabaki baada ya filimbi, nani hupata maumivu ya paja kila ikifika siku ya mbio fupi.

Kocha anaweza kubadili mtazamo kwa maneno peke yake?

Wakati mwingine, kama masharti yametimia. Carl Hovland na kundi lake la chuo kikuu cha Yale walichambua ushawishi kwa kutazama anayesema, kinachosemwa na anayesikiliza.

Anayesema anatakiwa aaminike kwa mambo mawili: anajua anachosema, na hana ajenda iliyojificha. Mchezaji akihisi kwamba unamsifia mazoezi ya ulinzi kwa sababu tu huna beki, umekwisha. Mara nyingi mchezaji mwenzake aliyepitia hali ileile anashawishi kuliko kocha mwenye vyeti.

Kinachosemwa: kwa msikilizaji mwelewa, au anayekupinga tangu mwanzo, taja pande zote mbili. "Ni kweli wiki mbili za kwanza miguu itakuwa mizito na muda wako utashuka. Baada ya hapo..." Ukificha ubaya, ataukuta mwenyewe, na siku hiyo atayatilia shaka na yale ya kweli uliyomwambia. Vitisho navyo vina mpaka. Kumwambia mtu kwamba asipopasha misuli ataumia kunaweza kufanya kazi kama papo hapo unampa hatua rahisi ya kujikinga. Ukimtisha ukamwacha hewani, ataziba masikio.

Anayesikiliza: Richard Petty na John Cacioppo walieleza katika miaka ya 1980 kwamba mtu hushawishika kwa njia mbili. Akiwa na sababu ya kufikiri na nafasi ya kufikiri, anapima hoja, na mabadiliko yake hudumu. Akiwa amechoka au hajali, anavutwa na mambo ya pembeni kama umaarufu wa msemaji, makofi na sauti nzito, na mabadiliko hayo huyeyuka haraka. Basi fikiria tunavyochagua wakati wa mazungumzo mazito: dakika tano baada ya kufungwa, mchezaji anahema na jasho linamwingia machoni. Subiri kesho yake.

Je, matendo yanaweza kutangulia, mtazamo ukafuata?

Ndiyo, na kwangu hapa ndipo penye dawa. Leon Festinger alieleza mwaka 1957 kwamba mtu akiwa na mambo mawili yasiyopatana kichwani, mfano "sipendi kitu hiki" na "nakifanya kwa hiari yangu", hukosa raha na hutafuta namna ya kuyapatanisha. Tendo limeshafanyika, halifutiki. Kilicho rahisi kugeuza ni mtazamo.

Mwaka 1959 yeye na James Carlsmith walichapisha jaribio ambalo bado linashangaza. Wanafunzi walifanya kazi ya kuchosha kwa saa nzima, kisha wakaombwa kumwambia anayefuata kwamba kazi hiyo inavutia. Baadhi walilipwa dola 1, wengine dola 20. Waliolipwa dola 1 ndio waliokuja kusema kwamba kweli waliifurahia zaidi. Mwenye dola 20 alikuwa na kisingizio tayari: nilisema kwa ajili ya pesa. Mwenye dola 1 hakuwa nacho, akaishia kujiaminisha.

Kwa kocha, hii ina maana kwamba hiari ndiyo kiungo muhimu. Mchezaji anayelazimishwa ana kisingizio kama cha dola 20. Mchezaji aliyechagua mwenyewe, hata kama uchaguzi ulikuwa mdogo, analazimika kujieleza mwenyewe kwa nini yuko pale.

Nipe mfano. Nina mchezaji anayechukia zoezi fulani, nifanyeje?

Tuseme ni golikipa anayeogopa mipira ya krosi. Aligongana na mtu mwaka jana, tangu hapo amekuwa mtu wa mstarini. Ukimkaripia atoke, atatoka kwa kuchelewa, ndiyo hatari zaidi.

Unakaa naye pembeni. "Kocha, mimi krosi siziwezi, niache nicheze nilivyozoea." Usibishane na "siziwezi". Muulize: "Zote, au zile zenye watu wengi?" Atasema zenye watu. Basi mmeshapunguza mlengwa kutoka krosi zote hadi msongamano wa watu. Siku hiyo anadaka mipira kumi ya kurushwa kwa mkono, hakuna mtu karibu. Siku nyingine mpira unapigwa kwa mguu. Kisha anaongezwa mtu mmoja aliyesimama tu, kisha mmoja anayeruka akiwa ameshika ngao ya sponji. Kila hatua anachagua mwenyewe: "Tuongeze mtu, au turudie hii?" Na kila hatua inapangwa ili nyingi azipate.

Bandura, mwaka 1977, alitaja vyanzo vinne vya mtu kuamini kwamba analiweza jambo: kufanikiwa mwenyewe, kuona aliye kama yeye akifanikiwa, kutiwa moyo na maneno, na namna anavyoutafsiri mwili wake unavyojisikia. Cha kwanza ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Wengi wetu tunatumia cha tatu peke yake, tena kwa sauti ya juu.

Vipi kuhusu zawadi na adhabu?

Zawadi inaleta watu mlangoni, lakini iangalie. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walionyesha kwamba watoto waliopenda kuchora, wakaahidiwa cheti kwa kuchora, baadaye walichora kidogo kuliko wenzao walipoachwa huru. Cheti cha ghafla, kisichoahidiwa, hakikuwa na madhara hayo. Adhabu nimeshaigusa, niongeze tu kwamba mtu akiona uhuru wake unabanwa hujitahidi kuurudisha, hata kwa kufanya kinyume cha faida yake. Jack Brehm aliandika hilo mwaka 1966, na kila mzazi wa kijana wa miaka 15 analijua.

Makundi mawili yasiyoelewana ndani ya timu: tuyapangie mchezo pamoja?

Inategemea unamaanisha mchezo gani. Kiangazi cha mwaka 1954, huko Oklahoma, Muzafer Sherif aliwapeleka wavulana 22 kambini, akawagawa makundi mawili na kuyashindanisha kwa besiboli na kuvuta kamba. Hazikupita siku nyingi wakawa wanatukanana na kuchomeana bendera. Kuwakutanisha tu, kwa mlo wa pamoja, kuliishia kurushiana chakula. Kilichosaidia ni matatizo ambayo kundi moja peke yake halikuweza kuyatatua, kama maji ya kambi kukatika. Gari la chakula "lilipokwama", walilivuta wote kwa pamoja, kwa kamba ileile waliyokuwa wakishindania.

Kwa hiyo "tuwachanganye tu" si mpango. Wape lengo ambalo hakuna upande unaoweza kulifikia bila mwingine, wawe na hadhi sawa, na kocha mwenyewe aonekane anaunga mkono.

Mtazamo wa jamii nzima unaweza kuzuia wachezaji?

Unaweza, tena kwa miongo. Katika Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928, Lina Radke wa Ujerumani alishinda mita 800 za wanawake kwa rekodi ya dunia. Magazeti yakaandika zaidi juu ya wanawake waliodaiwa kuanguka kwa uchovu, kwa kutia chumvi nyingi, na mbio hizo zikaondolewa hadi Roma mwaka 1960. Mwaka 1967 ofisa wa maratoni ya Boston alijaribu kumtoa Kathrine Switzer barabarani kwa nguvu, akamaliza hata hivyo; wanawake waliruhusiwa rasmi mwaka 1972. Maratoni ya Olimpiki kwa wanawake ilikuja mwaka 1984 mjini Los Angeles. Hoja za kitabibu dhidi ya wanawake kukimbia mbio ndefu zilikuwapo miaka yote hiyo, lakini kilichozizima ni wanawake kuonekana wakikimbia.

Na ile habari ya Roger Bannister, kwamba ukuta ulikuwa kichwani tu?

Inapendwa mno na wahamasishaji: eti wakimbiaji walishindwa kukimbia maili moja chini ya dakika nne kwa sababu tu waliamini haiwezekani, hadi Mwingereza huyo alipofanya hivyo na wengine wakafuata. Ni kweli Bannister alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 59.4 tarehe 6 Mei 1954, na siku 46 baadaye John Landy akaishusha rekodi hiyo zaidi. Lakini kabla ya Bannister rekodi ilikuwa dakika 4 na sekunde 1.4 tangu 1945, Landy alikuwa akiisogelea kabla ya hapo, na Bannister aliongozwa na wenzake wawili waliomwekea kasi. Imani ilikuwa na nafasi yake, pamoja na maandalizi na msaada. Ukimsimulia mchezaji nusu ya habari, atadhani kuamini kunatosha.

Je, kama mwenye mtazamo mbaya ni kocha?

Hutokea, na ni vigumu kuona kwa sababu hakuna anayemjazisha kocha dodoso. Kocha akishaamua kwamba fulani hana kipaji, humpa maelekezo machache, humsahihisha juujuu, humsifia kwa mambo madogo kana kwamba hategemei zaidi. Mchezaji anasoma hayo yote, anapunguza juhudi, na kocha anasema "nilijua". Robert Rosenthal na Lenore Jacobson waliibua mjadala huu upande wa shule mwaka 1968, na umekuwa ukifuatiliwa kwa makocha pia.

Njia ya kujikagua ni ya kawaida kabisa: mpe msaidizi wako orodha ya wachezaji, aweke alama kila unapomwelekeza mmoja wao kuhusu ufundi, mazoezi mawili au matatu mfululizo. Kisha tazama majina yasiyo na alama, na anza na hao katika mazoezi yanayofuata.